Mkono Mmoja Hautoshi: Habari ya Treni Ndogo na Alama za Chaki

"Kwa miaka 18 nilikuwa mjane ambaye mume wake yu hai," bibi mmoja alituambia huku akikunja mashuka yaliyotoka kufuliwa. "Mume wangu alikuwa chini ya sakafu hii hii ninayoikanyaga, lakini sikuwa naye."

Mpenzi msomaji, usije ukadhani kwamba bibi huyo alikuwa akimsema mlevi, au mtu mwenye nyumba ndogo. Mume wake alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mtu asiyelala nje hata siku moja. Aliyemnyang'anya mume alikuwa treni. Tena si treni ya kupanda, bali treni ndogo ya mfano, ambayo behewa lake moja hulala katika kiganja cha mkono.

Familia yetu ilikaa miaka miwili karibu na mji wa Chicago, Marekani, wakati baba wa nyumba yetu alipokuwa masomoni. Wazee hao wawili walikuwa majirani zetu, na tulisali nao kanisa moja. Watoto wetu, kwa malezi ya kwetu, hawakuweza kuwaita watu wazima kwa majina yao. Wakawaita Babu na Bibi, na wazee wale, ambao wajukuu wao waliishi mbali, wakafurahi sana. Nasi tutawaita hivyo hivyo katika habari hii.

Tunapenda kuwasimulia akina mama jinsi maandishi machache ya chaki, madogo kuliko punje ya mchele, yalivyowarudisha mume na mke katika maongezi. Tena tutawaeleza namna maandishi hayo yanavyofanywa, maana ni kazi ya mikono inayofaa sana kwa mama na watoto wake.

CHUMBA CHA CHINI

Nyumba nyingi za kule zina chumba kikubwa chini ya ardhi, mahali pa mashine ya kufulia nguo na vitu visivyotumika. Chumba cha Babu kilijaa reli. Zilizunguka kuta tatu juu ya meza ndefu, zikipita katika milima ya plasta, madaraja ya vijiti, na mji mdogo wenye kanisa, ghala la nafaka na stesheni.

Kwa Wamarekani wengi jambo hili si mchezo wa watoto. Wana hata chama chao cha kitaifa kilichoanzishwa mwaka 1935. Vipimo vyao ni vya uangalifu mkubwa. Kipimo kinachopendwa zaidi ni cha moja kwa 87, yaani kila kitu hupunguzwa mara 87. Behewa la mizigo ambalo kwa kweli lina urefu wa mita 12 hivi, huwa na sentimita 14 tu. Babu alikuwa na mabehewa zaidi ya 100.

Watoto wetu walipiga kelele za furaha siku ile ya kwanza. Lakini sisi tuliona kwamba Bibi hakushuka nasi. Alibaki jikoni akitengeneza chai.

Baadaye alitufunulia moyo wake. Babu alipostaafu alianza na meza moja. Mwaka uliofuata zikawa tatu. Meza ya kupigia pasi ikaondolewa, kisha kabati la vitambaa. Baada ya chakula cha jioni Babu alisema ahsante, akashuka ngazi, na hakuonekana tena mpaka saa ya kulala. Siku moja Bibi alikuta risiti ya mabehewa sita imefichwa nyuma ya kopo la rangi. Wiki ileile yeye alikuwa ameahirisha kwenda kwa daktari wa meno ili kubana matumizi ya nyumba.

"Ulimwambia nini?" tulimwuliza.

"Sikumwambia kitu," akajibu. "Niliirudisha risiti mahali pake. Nadhani hapo ndipo na mimi nilipokosea."

"NANI ALICHAFUA BEHEWA HILI?"

Mtoto wetu wa kiume, aliyekuwa na miaka 10, alipenda kwenda kwa Babu kila Jumamosi. Ukutani mle chini palikuwa na picha kubwa ya zamani ya behewa la mizigo. Ubavuni mwake, chini ya jina la kampuni, palikuwa na namba, herufi na mistari ya chaki iliyopita huku na huku.

"Babu, nani alichafua behewa hili?" mtoto akauliza.

Babu alicheka. "Huo si uchafu, mwanangu. Hiyo ilikuwa kazi yangu."

Hapo ndipo tulipojua kwamba Babu, katika ujana wake, alikuwa karani katika uwanja wa reli. Chicago ni mahali ambapo njia nyingi za reli za Marekani hukutana. Mabehewa yalifika humo kwa maelfu, kila moja likitoka upande wake na kwenda upande wake. Yalitengwa, yakapangwa upya, yakafungwa katika treni nyingine.

Behewa lilikuwa na jina la kampuni na namba yake vilivyoandikwa kwa rangi. Lakini rangi hiyo ilisema tu behewa ni la nani. Haikusema linakwenda wapi. Habari ya safari ilikuwa katika karatasi za mzigo, na karatasi hizo zilikaa ofisini au mikononi mwa gadi wa treni. Je, mfanyakazi aliyesimama gizani katikati ya mabehewa 50 angejuaje hili liende njia ya 6 na lile liende njia ya 14?

Ndiyo sababu chaki ilihitajika. Karani alitembea kando ya treni na taa yake ya mkono, akisoma namba na kuandika ubavuni: namba ya njia, ufupisho wa mji, pengine na tarehe. "KC" ilikuwa Kansas City. Behewa lisilo na mzigo liliandikwa hivyo. Mkaguzi aliyeona gurudumu bovu au mlango usiofungika naye aliweka alama yake, ili behewa lile litolewe kabla halijaleta ajali. Hapakuwa na mtu wa kufuta. Behewa lilipofika uwanja mwingine, karani wa huko alipiga mstari juu ya maandishi ya zamani na kuandika mapya pembeni. Mvua ikaosha nusu, vumbi likafunika nusu. Hivyo behewa lililosafiri sana lilibeba ubavuni mwake mikono ya watu wengi ambao hawakupata kuonana.

Walikuwako pia waliochora kwa kujifurahisha. Mchoro mmoja unaojulikana sana ni uso wa mtu mwenye kofia pana, ulioandikwa jina la Bozo Texino. Ulionekana katika mabehewa nchi nzima kwa miaka mingi, na watu walijiuliza ni nani huyo, hata mwaka 2005 Bill Daniel akatoa filamu juu ya swali hilo.

Chaki ya kazi haikudumu milele. Mwaka 1967 makampuni ya reli ya Marekani yalianza kubandika ubavuni mwa mabehewa vibao vya mistari ya rangi vilivyosomwa na mashine. Vibao vikachafuka, mashine zikashindwa kuvisoma, na mwaka 1977 mpango huo ukaachwa. Kompyuta zikachukua kazi ya orodha, na katika miaka ya 1990 mabehewa yakawekewa vifaa vidogo vinavyotambuliwa kwa mawimbi ya redio. Karani mwenye taa na chaki akatoweka.

Kwa sababu hiyo, wanaotengeneza treni za mfano za miaka ya 1940 na 1950 hujitahidi sana kuzirudisha alama hizo. Bila chaki, behewa huonekana kama limetoka dukani asubuhi ile. Unaweza kusema hakuna mtu aliyelifanyia kazi.

AKINA MAMA KARAKANANI

Picha za zamani ndizo mwalimu mkuu wa kazi hii. Nyingi zinatunzwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington. Miongoni mwake zimo picha za rangi ambazo Jack Delano alipiga katika mwaka 1942 na 1943 kwa ajili ya serikali, wakati wa vita. Babu alikuwa na kitabu kikubwa chenye picha hizo, na Bibi hakuwa amepata kukifungua.

Tulikifungua sisi. Kurasa fulani zilitushangaza, kwa maana tulitegemea kuona wanaume watupu. Tuliona wanawake katika karakana ya injini za moshi huko Clinton, jimbo la Iowa, mwaka 1943. Wamefunga vitambaa kichwani, mikono imejaa mafuta, wanasafisha injini kubwa kama nyumba. Picha nyingine inawaonyesha wameketi pamoja wakila chakula cha mchana. Wanaume walikuwa wameitwa vitani, na kazi haikuweza kusimama. Maelezo ya picha mojawapo yanasema kwamba mwanamke anayeonekana alikuwa mama wa watoto watatu.

Tulipomwonyesha Bibi, aliitazama picha ile muda mrefu. "Mama wa watoto watatu," akasema. "Naye akirudi nyumbani alipika." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akipendezwa na kitu kilichotoka chini ya ngazi zile.

JIONI ILE BIBI ALIPOSHUKA

Jumamosi moja mtoto wetu alirudi nyumbani analia. Alikuwa amemwuliza Babu swali: "Kama chaki ilikuwa kazi yako, mbona mabehewa yako mengi hayana chaki?" Babu hakujibu. Alichukua penseli nyeupe, akashika behewa moja, akajaribu kuandika. Mkono wake ulitetemeka hata herufi zikaanguka moja juu ya nyingine. Akaitupa penseli ukutani, akamwambia mtoto aende kwao.

Mtoto alidhani amekosa. Tuliondoka naye jioni ile ile kwenda kuomba radhi. Bibi alitufungulia mlango na kutueleza lile ambalo hatukulijua: daktari alikuwa amesema ule mtetemeko wa mikono hautapona, bali utaongezeka. Babu alikuwa amebakiwa na mabehewa kama 40 ambayo hayajaandikwa, na kwa mwaka mzima hakuwa amemwambia mtu kwamba hawezi tena.

Sisi tulisimama pale jikoni bila neno. Bibi alikuwa ameshika kapu la nguo za kufua. Akatuangalia, akaangalia ngazi, akasema, "Njooni. Mashine iko huko huko."

Babu alikuwa ameketi, ameipa treni mgongo. Bibi aliweka kapu chini, akaokota penseli, akalichukua behewa moja safi. Kumbuka kwamba mama huyu alifundisha shule ya msingi miaka 30. Chaki ilikuwa chakula chake. Akaandika kwa mwandiko mzuri ajabu: KC 14.

Babu aligeuka akatazama. Tulidhani atakasirika. Akasema polepole, "Hiyo ni hati ya mwalimu. Ungeandika hivyo usiku wa Januari, kwenye theluji, treni ingeondoka wakati bado unaipamba K."

"Ulikuwa ukiandikaje wewe?"

"Natembea, nimevaa glavu, taa mkono wa kushoto, nataka kumaliza niende kuota moto."

"Basi nipe hizo glavu," Bibi akasema.

Palikuwa na glavu za ngozi za zamani zimetundikwa msumarini. Akazivaa, kubwa kama mifuko, akaandika tena akiwa anatembea kuzunguka meza. Herufi zikatoka zimelala, mkia wa 4 ukapotea. Babu alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia machozi. "Sasa umeajiriwa," akasema.

Kisha akatueleza jambo ambalo tumelishika mpaka leo. Mabehewa 40 hayawezi kuandikwa na mtu mmoja, hata kama ana mkono imara. Mtazamaji atagundua mara moja. Katika uwanja wa reli kila karani alikuwa na mkono wake, na wenzake walijua nani yuko zamu kwa kuiangalia tu namba 7 yake. Ukiandika yote wewe, treni inakuwa ya uongo. "Mkono mmoja hautoshi," akasema.

Basi tukaketi wote. Baba wa nyumba yetu aliandika kwa haraka yake ya kila siku. Mtoto wetu aliandika kwa nguvu mpaka ncha ikavunjika. Binti yetu wa miaka 6, aliyekuwa bado akizigeuza herufi nyingine, naye alipewa behewa. Babu alisema kila uwanja ulikuwa na karani mmoja wa namna hiyo. Nguo zilisahauliwa mashineni.

Mwishowe Bibi alilishika lile behewa lililoharibika mchana. Mtoto wetu alileta kitambaa chenye maji ili alifute. Bibi akamzuia. "Hili usiliguse. Katika haya yote, hili peke yake limeandikwa na mtu aliyeifanya kazi yenyewe."

NAMNA YA KUANDIKA ALAMA ZA CHAKI

Kwa mama aliye na mtoto mwenye treni ya mfano, au mume mwenye uraibu huo, haya ndiyo tuliyofundishwa mle chini.

1. Anza kwa kutazama picha. Tafuta picha ya behewa halisi la miaka unayoiiga, uone maandishi yamekaa wapi na ni mangapi. Usiandike kwa kubuni tu.

2. Ondoa mng'ao. Penseli huteleza juu ya plastiki inayong'aa. Lipulizie behewa vanishi isiyong'aa, uliache likauke kabisa. Kazi ya kupuliza ifanyike nje au dirishani, watoto wakiwa mbali, maana mvuke wake hudhuru.

3. Tumia penseli nyeupe ya rangi iliyochongwa ikawa kali sana. Chaki yenyewe ni nene mno kwa kazi ndogo hivi. Chonga tena kila baada ya maneno mawili au matatu. Kwa mabadiliko, maandishi mengine yawe ya kijivu hafifu au manjano.

4. Pima urefu wa herufi. Herufi ambayo karani aliiandika kwa urefu wa sentimita 15 inakuwa na milimita zisizofika 2 katika kipimo cha moja kwa 87. Kosa la wengi ni kuandika makubwa.

5. Andika mahali ambapo mtu aliyesimama chini anafika. Karani hakuwa na ngazi. Kutoka kwenye reli, alama zikae kati ya milimita 14 na 23 hivi, karibu na mlango au upande wa mwisho wa behewa. Usiifunike namba ya behewa, kwa kuwa makarani waliihitaji.

6. Weka ya zamani kwanza. Andika alama moja au mbili, zisugue kidogo kwa kidole ili zififie, halafu piga mstari juu yake. Kisha paka vumbi jembamba. Vumbi hilo hupatikana kwa kusugua chaki laini ya kuchorea, ya kahawia au kijivu, juu ya msasa, na kupaka unga wake kwa brashi kavu. Mwisho andika alama mpya juu ya vumbi, ikiwa nyeupe zaidi.

7. Usizidishe. Alama tatu hadi tano zinatosha, na mabehewa mengine yaachwe na moja tu. Treni ambayo kila behewa limejaa maandishi huonekana ya uongo kama ile isiyo na kitu.

8. Funika kwa vanishi kidogo sana. Ukipuliza nyingi, unga wa chaki huyeyuka machoni pako na maandishi hufifia.

9. Gawa penseli. Kila mtu wa nyumba aandike mabehewa yake. Asiye na mwandiko mzuri ndiye anayefaa zaidi.

UKIWA HUNA TRENI

Akina mama wengi watasema, "Hayo ni ya Ulaya na Marekani, siku hizi behewa moja zuri huuzwa dola 40 au zaidi, nami nina ada ya shule." Ni kweli. Lakini behewa la mizigo la kipimo hiki halipitani sana na boksi la dawa ya meno. Lifunge vizuri, lipake rangi ya maji ya kahawia iliyokaribia wekundu, chora milango ubavuni, kisha bandika vifungo vinne vya shati kila upande viwe magurudumu. Kifungo cha shati kina ukubwa unaolingana karibu kabisa na gurudumu la behewa lililopunguzwa mara 87, tulipima wenyewe. Acha likauke, wape watoto penseli nyeupe, uwaulize: behewa lako limebeba nini? Linakwenda wapi? Nani analingoja huko?

Maswali hayo matatu yatakupa jioni nzima. Sisi tulishangaa kusikia mtoto ambaye siku zote hujibu "sijui" akieleza kwa kirefu safari ya gunia moja la ngano.

TULICHOJIFUNZA

Hatusemi kwamba kila ndoa yenye ukimya itaponywa kwa penseli. Wako akina mama wanaosoma ukurasa huu ambao waume zao hawakujificha katika treni bali katika pombe au ukatili, na hao wanahitaji msaada wa mchungaji, wa wazee, na wa sheria pia. Tunazungumza juu ya zile nyumba ambamo watu wema wawili wameacha kuulizana.

Bibi alitueleza kwamba usiku ule, baada ya sisi kuondoka, alimwuliza mumewe habari ya ile risiti. Ilikuwa imepita miaka saba. Babu aliomba msamaha, si kwa ajili ya fedha tu, bali kwa kuficha. Naye Bibi aliomba msamaha kwa kunyamaza, kwa maana alikuwa amehesabu kosa lile kila siku bila kumpa mwenzake nafasi ya kulitengeneza. Wiki iliyofuata wakaenda pamoja kwa daktari wa meno. Wakakubaliana pia kiasi cha fedha cha kila mwezi kwa ajili ya treni, kiandikwe mahali ambapo wote wawili wanaona.

Bibi hakugeuka kuwa mpenzi wa treni. Mpaka tunaondoka alikuwa bado hajui kutofautisha injini moja na nyingine, na hakujali. Lakini mara mbili kwa wiki alishuka na chai, akavaa glavu, akaandika. Babu naye alianza kupanda juu mapema, akaketi jikoni akimenya viazi kwa mikono yake inayotetemeka, polepole, vinene vinene. Bibi hakusema lolote juu ya maganda yale.

Nyumba zetu pia zinaandikwa kwa chaki. Chakula ulichopika jana kimekwisha. Sare uliyoifua Jumapili imechafuka Jumatatu. Hakuna anayeandika jina la mama juu ya kazi hizo, na mvua huziosha. Hata hivyo safari ya kila mmoja nyumbani humo imetegemea alama hizo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 8, tunasoma kwamba Bwana Yesu aliinama akaandika ardhini kwa kidole chake, mbele ya mwanamke aliyekuwa hatarini. Hakuna aliyehifadhi maneno hayo, na upepo uliyafuta. Lakini mwanamke yule alitoka pale akiwa hai.

Miaka kadhaa baada ya kurudi nyumbani tulipokea barua ya Bibi. Babu alikuwa amelala katika Bwana. Treni ilipewa watoto wa kanisa, meza zikaondolewa, na meza ya kupigia pasi imerudi mahali pake. Behewa moja tu Bibi amelibakiza, juu ya dirisha la jikoni, lile lenye herufi zilizoangukiana. Anasema halipangusi vumbi, kwa sababu vumbi nalo ni sehemu ya kazi.

Mama mpendwa, je, kuna mlango katika nyumba yako ambao hujaufungua siku nyingi kwa sababu ulio nyuma yake si mchezo wako? Jioni ya leo ingia na kapu lako la nguo. Uliza, "Hapa pameandikwa nini?" Kisha ngoja ujibiwe.